Hesabu ya Safari ya Uswidi

Ndugu mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, ukitaka kwenda kuitazama Uswidi kwa fedha zako mwenyewe, usianze na nauli ya ndege. Anza na viza. Tangu Juni 2024 ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ombi likikataliwa hairudi. Basi usiuze mavuno yote ukakimbilia tikiti. Ombi hupokelewa hata miezi 6 kabla ya safari, na jibu huchukua siku 15, pengine zaidi.

Kisha zipo fedha za kuonyesha: krona 450 kwa kila siku. Siku 20 ni krona 9,000. Hizo ni zako za matumizi, lakini ziwe benki, si chini ya godoro. Bima nayo ifikie yuro 30,000; usishtuke, hicho ndicho kiasi watakacholipa wao ukiugua.

Huko chakula cha hotelini ni ghali mno. Lakini maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa, na desturi ya nchi humruhusu mgeni kupiga hema msituni usiku mmoja, mbali na nyumba za watu. Hata aliyezoea baridi ya Shengena, heri aende Julai.