Uvira: Bavete ya mpira wa zamani yaokoa mzigo na mnyororo wa baiskeli huko Lubarika

Mvua ikianza kunyesha katika bonde la Ruzizi, waendesha baiskeli ndio wa kwanza kuonja mabadiliko ya njia. Vumbi la mwezi wa nane linageuka tope lenye kunata. Aliyebeba unga wa muhogo anafika sokoni na gunia lenye madoa, na mnunuzi anapata sababu ya kushusha bei. Mwanafunzi anafika darasani shati jeupe limechafuka mgongoni. Mwenye baiskeli naye anarudi nyumbani na mnyororo unaolia kwa mchanga.

Dawa yake ni ndogo, na kwa kawaida haihitaji kwenda dukani. Ni bavete: kipande cha mpira au plastiki kinachofungwa kwenye ncha ya chini ya gardibu, kile chuma kilichopinda juu ya gurudumu. Kinakatwa kutoka kwenye shambrea ya zamani au bidoni lililopasuka. Lakini bavete iliyofungwa vibaya inaweza kumwangusha mtu, na iliyokatwa fupi haisaidii chochote.

Lubarika ni kijiji cha teritware ya Uvira, Kivu Kusini, karibu na Luvungi, upande wa kaskazini wa bonde hilo. Wazee wanakijua pia kwa kilimo cha pamba. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji palikuwa na kituo cha utafiti cha INEAC, shirika la kilimo lililoanzishwa mwaka 1933. Leo mazao yanayosafiri kwa baiskeli katika eneo hilo ni muhogo, mpunga, mahindi na ndizi. Kutoka vijijini, mizigo inashuka kuelekea barabara ya kitaifa namba 5, inayotoka Bukavu kupitia Kamanyola, Luvungi na Sange hadi mjini Uvira.

Tope linatoka wapi?

Wengi hudhani gardibu peke yake inatosha. Baiskeli nzito za magurudumu ya inchi 28, zile za kubebea mizigo, huja na gardibu za chuma tangu kiwandani. Tatizo ni kwamba gardibu inaishia juu sana. Kati ya ncha yake na ardhi inabaki nafasi wazi, na tope jingi hutoka hapo hapo: linaruka mara tu tairi linapoinuka kutoka ardhini, kuelekea nyuma na juu.

Kwa gurudumu la mbele, tope hilo linapiga miguu ya mwendeshaji, pedali, mnyororo na ekseli ya katikati. Mchanga ukiingia kwenye grisi, unasaga gololi na meno ya mnyororo kidogo kidogo hadi vyote vilegee. Kwa gurudumu la nyuma, linapiga sehemu ya chini ya mzigo uliotokeza nyuma ya portebagaji, au mtu anayefuata kwa miguu akisukuma.

Kwa hiyo mwenye mpira wa kutosha bavete moja tu afadhali aanze na gurudumu la mbele. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu bavete ya nyuma ndiyo inayoonekana na kupendeza. Lakini ile ya mbele ndiyo inayolinda vipuri vya bei.

Kuchagua kitu cha kukata

Shambrea ya lori au ya gari inafaa kuliko vyote. Ni nene kiasi, inapinda bila kuvunjika, na ikigonga jiwe inarudi mahali pake. Shambrea ya pikipiki pia inafaa. Ile ya baiskeli ni nyembamba mno, hupeperushwa na upepo. Anayeitumia lazima akunje tabaka mbili na kuzishona au kuzibandika kwa gundi ya viraka.

Bidoni la njano la lita 20 linatoa plastiki ngumu inayosimama wima. Kasoro yake ni jua. Plastiki ikikaa muda mrefu juani inakauka, na siku moja inapasuka kwenye tundu la bulo. Ikivunjika, makali yake yanaweza kukwaruza mguu. Anayeitumia asugue kingo zake kwenye jiwe hadi ziwe laini.

Ubavu wa tairi la gari ni imara lakini ni mzito. Ukifungwa kwenye gardibu nyembamba, unaitikisa mpaka chuma kinachoka na kupasuka. Mpira huo ufaao zaidi ni kwa kazi nyingine, kama viatu vya matairi, au kama kule Goma ambako magurudumu ya mbao ya chukudu huzungushiwa mpira wa tairi kuukuu.

Vipimo

Tairi la kawaida la baiskeli hizo lina upana wa sentimita 4 hivi. Bavete inahitaji kuwa pana zaidi ya tairi, kwa sababu tope hutawanyika pembeni. Umbo zuri ni kama la kengele: juu iwe sawa na upana wa gardibu, chini ifikie sentimita 10 hadi 12.

Urefu haupimwi baiskeli ikiwa tupu. Mwendeshaji apande, au mzigo wa kawaida uwekwe, kwa kuwa matairi hubonyea na baiskeli hushuka kidogo. Ncha ya bavete ibaki kama sentimita 10 kutoka ardhini. Kwenye njia yenye mawe mengi, kama zile zinazoshuka kutoka milimani, 15 ni salama zaidi. Ikigusa ardhi, itavutwa chini ya tairi siku baiskeli inaporudishwa nyuma.

Kabla ya kukata mpira, ni vizuri kukata kwanza kipande cha kartoni na kukijaribisha. Kartoni ikiharibika si hasara. Shambrea ioshwe kwa sabuni na ikaushwe, kisha ichorwe kwa chaki kufuata kartoni. Kisu kikichovywa kwenye maji ya sabuni kinapita kwenye mpira bila kukwama.

Kufunga bila kutoboa tairi

Matundu yawe mawili, kando kwa kando. Bavete yenye tundu moja inazunguka na kulala upande. Kwa gardibu ya chuma, msumari na nyundo vinatosha, mradi kipande cha mbao kiwekwe upande wa pili kuzuia chuma kisipinde. Kingo za tundu zisuguliwe, na rangi kidogo ipakwe, la sivyo kutu itaanzia hapo. Kwa gardibu ya plastiki, msumari uliopashwa moto unatoboa bila kupasua.

Bavete ifungwe upande wa nje wa gardibu. Ikiwekwa ndani inapunguza nafasi ya tairi, na ukingo wake unaweza kushikwa na gurudumu. Kichwa bapa cha bulo kikae ndani, karibu na tairi. Nati na ncha ndefu ya bulo vikae nje. Anayegeuza mpangilio huo atatafuta mahali pa kuziba shambrea kabla hajafika mbali. Chini ya nati kiwekwe kipande cha bati kilichotobolewa, ili mpira usichanike.

Asiye na bulo anaweza kutumia waya wa kufungia. Ncha zake zipindwe kuelekea nje na kulazwa zisimkwaruze mtu.

Baada ya kufunga, gurudumu liinuliwe na kuzungushwa mbele na nyuma, kisha baiskeli isukumwe kinyumenyume hatua chache. Pakisikika mkwaruzo wowote, sababu itafutwe kabla ya kupanda. Vyuma vyembamba vinavyoshikilia gardibu vikazwe pia. Gardibu ya mbele iliyolegea ni hatari hata bila bavete: ikiingia kwenye gurudumu, baiskeli inasimama ghafla na mwendeshaji anarushwa mbele ya usukani.

Wanaong'oa gardibu wana sababu yao

Si kila mtu anakubali. Wapo wanaong'oa gardibu zote mvua ikianza, wakisema tope la mfinyanzi linajaa kati ya chuma na tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Wanasema kweli. Udongo mzito ukiwa nusu umekauka hushika tairi kama unga wa ugali.

Hata hivyo, kung'oa kunahamisha tope kutoka kwenye gurudumu kwenda kwenye mzigo na mnyororo. Njia ya kati ni kukunja vile vyuma vya kushikilia ili gardibu ikae mbali kidogo na tairi, nafasi ya kupitisha vidole viwili, na kufunga kijiti kwenye fremu kwa ajili ya kukwangua. Kukwangua kunachukua dakika chache njiani. Kubadilisha mnyororo na gololi kunachukua pesa ya siku nyingi za kazi.

Faida ya usiku

Kwa vijana wa taksi-velo na wabebaji wanaorudi gizani, bavete ya nyuma ina kazi nyingine. Mpira mweusi hauonekani usiku, lakini ni mahali pazuri pa kufunga kiakisi chekundu au kubandika utepe unaong'aa ukimulikwa na taa. Mzigo mkubwa mara nyingi hufunika kiakisi kilichowekwa na kiwanda. Bavete, kwa kuwa iko chini ya mzigo, inabaki wazi. Kwenye barabara inayopitiwa na malori na isiyo na taa, alama hiyo ndogo inampa dereva nafasi ya kupunguza mwendo mapema. Inabidi ifutwe kila jioni, kwani ikifunikwa na tope haimsaidii mtu.

Shule hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na mvua hazichelewi kufuata. Wiki za mwisho za kiangazi ndizo nzuri kwa kazi hii: gardibu ni kavu, rangi inashika, na shambrea za zamani bado ziko kwenye gereji za matairi zikisubiri kutupwa au kuchomwa.