Samaki wa mikoko sebuleni: Chunga mikono yako

TANGI la samaki sebuleni hupamba nyumba na kumtuliza mtu baada ya kazi ya kutwa. Wengi wanaofuga samaki hawa katika miji ya bara hutumia maji yasiyo na chumvi. Lakini wapo wanaowatamani samaki wa mikoko na midomo ya mito ya Pwani, kwa mfano mono mwenye rangi ya fedha na bunju anayejijaza hadi akawa kama mpira.

Hawa huishi katika maji ya chumvichumvi, yaani maji ya mto yaliyochanganyika na ya bahari. Je, wanaweza kuishi Kitale au Bungoma, mamia ya kilomita kutoka Bahari Hindi? Naam, wanaweza. Hata hivyo, mfugaji hana budi kuyajua mambo fulani kwa ajili ya samaki wake, na zaidi kwa ajili ya afya ya jamaa yake.

Chumvi na joto

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Samaki wengi wa chumvichumvi hutosheka na gramu 10 hivi. Kwa hiyo tangi la lita 100 huhitaji karibu kilo moja.

Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu haina madini mengine ya bahari kama vile kalisi na magnesi. Tumia chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matupu, kwani maji huenda hewani lakini chumvi hubaki.

Samaki hawa hutaka joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hivyo hita ni lazima. Bungoma, iliyo chini zaidi, ina nafuu kidogo.

Kumbuka kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Chomoa hita na pampu kabla ya kutia mkono ndani ya tangi.

Uvimbe usiopona

Hatari ambayo wengi hawaijui ni kijidudu kiitwacho Mycobacterium marinum, jamaa ya kile kiletacho kifua kikuu. Hukaa katika maji matamu, ya chumvi na ya chumvichumvi, na humwingia mtu kupitia mkwaruzo au kidonda.

Wiki kadhaa baadaye, uvimbe mwekundu hutokea kidoleni au mkononi. Huenda usiume sana, lakini haukauki. Wakati mwingine vivimbe vingine hufuatana kuelekea juu ya mkono. Ugonjwa huu kwa kawaida hauambukizi kutoka mtu hadi mtu, na hutibika kwa dawa za antibiotiki, ingawa matibabu huweza kuchukua miezi.

Ukipatwa na uvimbe kama huo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Bila kuambiwa, anaweza kuudhania ugonjwa mwingine wa ngozi na kukupa dawa isiyofaa.

Kinga ni rahisi. Vaa glavu za mpira zisizopitisha maji, hasa ukiwa na kidonda. Usivute maji kwa mdomo kupitia mpira unapoyabadilisha. Usioshe vyombo vya tangi katika sinki ya jikoni. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, na uwafunze watoto kufanya vivyo hivyo. Mwenye kinga dhaifu ya mwili amwachie mwingine kazi ya kusafisha.

Bunju si kitoweo

Watu wa Pwani wanamjua bunju na sumu yake. Wa bara huenda wasimjue. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Hupooza misuli ya kupumua, na haina dawa ya kuitangua. Bunju akifa, mfukie mbali na mbwa na paka.

Mbu na maji machafu

Wafugaji wengi huacha maji ya mfereji yakae ili klorini ipungue. Funika ndoo hizo. Maji yaliyoachwa wazi kwa wiki moja au mbili huweza kuzalisha mbu, na Bungoma ni eneo la malaria.

Maji ya chumvi unayoyatoa usiyamwage shambani, kwani huharibu mimea. Wala samaki waliokuchosha usiwatupe Mto Nzoia, ambao maji yake huishia Ziwa Victoria. Sangara aliyetiwa ziwani humo katika miaka ya 1950 alichangia kuangamiza aina nyingi za samaki wa asili.

Anayetaka kuanza na aanze na tangi, chumvi na hita, kisha asubiri wiki nne hadi sita ili vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki viongezeke. Samaki wanunuliwe mwisho. Sabuni na glavu ziwepo tangu siku ya kwanza.