Chupa iliyowanyamazisha watoto wa Manchester

KENGELE ya kiwanda haikumsubiri mzazi. Katika miaka ya 1840, Manchester ilikuwa mji mkuu wa pamba duniani, na mwanamke aliyejifungua alirudi kwenye mashine baada ya wiki chache tu. Kuchelewa kulikuwa na faini. Kubaki nyumbani kulikuwa na njaa.

Mtoto aliachiwa nani? Mara nyingi bibi kizee wa jirani, aliyelea watoto kadhaa kwa malipo kidogo, au dada mtu. Sheria ya 1833 ilikataza viwanda vya nguo kuajiri watoto walio chini ya miaka 9, kwa hiyo msichana wa miaka 7 ndiye aliyekuwa yaya.

Ili mtoto asilie kutwa, ilikuwepo chupa. Maarufu zaidi iliitwa Godfrey's Cordial: molasi, viungo na afyuni. Iliuzwa hadi kwenye maduka ya kawaida, kwa bei ambayo hata maskini aliimudu, na kila mwuzaji alichanganya kwa kipimo chake. Kijiko kilichomlaza mtoto wiki iliyopita kingeweza kumuua wiki hii, kwa sababu tu chupa ilinunuliwa duka jingine.

Lakini wengi hawakufa kwa kijiko kimoja. Afyuni huua hamu ya kula. Mtoto aliyelala mchana kutwa hakudai ziwa, na jioni mama aliporudi alimkuta ametulia. Alikonda polepole, uso ukikunjamana kama wa mzee, kisha akafa, na watu wakasema ni udhaifu.

Makazi nayo hayakumsaidia. Friedrich Engels, aliyekuja Manchester kufanya kazi katika kampuni ya baba yake, aliandika mwaka 1845 juu ya mtaa wa Little Ireland, bondeni kando ya Mto Medlock: nyumba ndogo kama 200 zilizopeana migongo, watu wapatao 4,000, na choo kimoja kwa watu 120. Familia nyingine ziliishi kwenye vyumba vya chini ya ardhi, maji machafu yakipenya kutani.

Ripoti ya Edwin Chadwick ya 1842 ilionyesha matokeo. Wastani wa umri wa kufa kwa familia za vibarua wa Manchester ulikuwa miaka 17. Kwa matajiri wa mji huohuo, 38. Haina maana kwamba watu wazima walikufa wakiwa na miaka 17. Vifo vya watoto ndivyo vilivyoushusha wastani: zaidi ya nusu ya watoto wa vibarua hawakufika miaka 5.

Wakubwa wengi waliwalaumu akina mama kwamba hawana uchungu na watoto wao. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mpishi na yaya nyumbani. Mama wa kiwandani alisimama mashineni maziwa yakimlowesha nguo, huku mwanawe akiwa mtaa wa pili.

Sheria ya mwaka 1868 ilianza kudhibiti uuzaji wa afyuni, lakini dawa za chupa zenye hakimiliki ziliachwa nje. Mwaka 1891 ikaja nyingine, ikikataza viwanda kumwajiri mama kabla ya wiki 4 tangu ajifungue. Haikumtaka mtu yeyote amlipe kwa wiki hizo.