Mitya Alitoka Wapi? Historia Iliyo Nyuma ya Burnt by the Sun

Gari jeusi linakuja baadaye; msaliti keshaingia nyumbani tangu asubuhi. Katika filamu hii ya Kirusi ya Nikita Mikhalkov, iliyopata Oscar mwaka 1995, Mitya anarudi kiangazi cha 1936 kwa watu waliomlea. Anapiga piano, anamchezesha mtoto, anawachekesha wazee. Kumbe amekuja kumkamata Kanali Kotov, shujaa wa mapinduzi aliyemwoa mpenzi wa zamani wa Mitya.

Wengi humlilia Kotov, na ni haki yake. Lakini anayetisha zaidi ni Mitya. Alipigana dhidi ya Wabolsheviki, akakimbilia ughaibuni, kisha akakubali kuwa jasusi wao ili siku moja arudi kwao. Kotov ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo. Huko Paris, Mitya aliwauza majenerali waliomwamini.

Watu wa namna hiyo walikuwepo kweli. Januari 1930, Jenerali Aleksandr Kutepov, kiongozi wa wanajeshi Warusi waliokuwa uhamishoni, alitekwa nyara Paris. Nafasi yake ikashikwa na Yevgeny Miller. Septemba 1937 Miller alialikwa kwenye kikao na mwenzake, Jenerali Nikolai Skoblin. Alikwenda, ila aliacha bahasha ofisini ifunguliwe asiporudi. Ndani aliandika kwamba huenda ule ni mtego, akamtaja aliyemwalika. Usiku ikafunguliwa. Skoblin akaitwa, akakana. Wenzake wakiwa bado wanashauriana, akatoka na kutokomea.

Mkewe, Nadezhda Plevitskaya, alikuwa mwimbaji ambaye sauti yake iliwaliza Warusi wa ugenini kwa kuikumbuka nchi yao. Mahakama ya Paris ilimhukumu miaka 20 kwa kushiriki njama hiyo, akafia gerezani mwaka 1940. Miller alisafirishwa kwa siri hadi Urusi, akapigwa risasi mwaka 1939. Baada ya hapo, nani angemwamini jirani anayezungumza lugha yake?

Moscow nako hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika miaka ya 1937 na 1938, kwa hesabu za polisi wa siri wenyewe, zaidi ya watu 680,000 waliuawa. Kotov anajigamba kwamba namba ya simu ya Stalin anaijua kwa moyo. Lakini cheo hakikumkinga mtu: Tukhachevsky alikuwa marshali wa jeshi, na aliuawa Juni 1937. Miongoni mwa majenerali waliomhukumu, Dybenko na Belov waliuawa mwaka uliofuata. Hata wakuu wa polisi wa siri hawakusalimika: Yagoda alipigwa risasi mwaka 1938, Yezhov mwaka 1940. Ndiyo maana Mitya anapojiua baada ya kumkabidhi Kotov, Mikhalkov hajatia chumvi.