Ndege Gani Aingie Chunguni Siku ya Noeli?

Noeli ikikaribia, kila nyumba katika Masisi na Walikale hutafuta nyama. Wengi huchinja kuku. Lakini siku hizo bei ya kuku hupanda, tena jamaa nyingi zilizokimbia vita zilipoteza kuku wao wote. Basi watu hutazama mwituni. Mmoja huleta kanga, mwingine kwale au njiwa, mwingine hondohondo mwenye mdomo mkubwa. Watoto hufurahi, maana nyama ya namna hii hawaioni kila siku.

Je, ni vibaya kula ndege wa mwitu? Si wote walio wabaya. Nyama ya ndege hujenga mwili, na mtoto aliyezoea bugali na sombe tu huihitaji sana. Lakini kabla ya kumtia ndege chunguni, uliza maswali matatu.

Swali la kwanza: Alikufaje? Ukiokota ndege aliyekufa, au kuku na bata wakianza kufa ovyo kijijini, usiseme, "Tumle kabla hajaoza." Torati ilikataza watu kula nyamafu, na waganga wa leo wanakataza vilevile. Mwaka 2017 mafua ya ndege yaliua bata na kuku huko Ituri, kando ya Ziwa Albert. Aina nyingine za mafua hayo huweza kumwua mtu. Tena mama anayemchinja na kumnyonyoa ndege mgonjwa yumo hatarini kabla ya walaji. Mfukie ndege huyo, nawa mikono kwa sabuni, kisha toa habari kwenye kituo cha afya.

Swali la pili: Alinaswa kwa njia gani? Kamba na ulimbo havina sumu. Lakini mwaka 2009 huko Bunyala, magharibi ya Kenya, wawindaji walionekana wakitia dawa ya wadudu iitwayo Furadan ndani ya konokono. Korongo walikula wakaanguka, na nyama yao ikauzwa. Moto huua vijidudu, lakini usitumaini kwamba moto utaondoa sumu. Basi nunua ndege aliye hai, mwenye macho maangavu.

Swali la tatu: Ni ndege gani? Katika misitu ya Walikale yumo tausi wa Kongo. Dume ana rangi ya buluu na kijani, na kishungi cheupe kichwani. Wataalamu wa ndege walimtambua mwaka 1936 tu, naye haishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani. Sheria inamlinda. Ukimla leo, mjukuu wako atamwona katika picha tu. Kasuku wa kijivu naye anapungua sana, na tangu 2017 biashara ya kumpeleka nchi za nje imekatazwa. Tena vumbi la manyoya na mavi ya kasuku mgonjwa huweza kuleta homa ya mapafu.

Ukiisha kupata ndege mzuri, mpike vizuri. Katika milima ya Masisi, penye kimo cha mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kwa hiyo nyama hukawia kuiva. Ikate vipande, chemsha mpaka pasiwe na wekundu karibu na mfupa. Kisu kilichokata nyama mbichi kisikate mboga zitakazoliwa bila kupikwa. Nyama ya jana ichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Lakini iko njia iliyo bora kuliko kutegemea mwitu. Weka mayai ya kanga chini ya kuku anayeatamia. Yataanguliwa baada ya siku 28 hivi. Mayai ya bata wetu wa kienyeji huchukua siku 35. Ukianza mwezi wa sita, vifaranga watakuwa wamekua ifikapo Noeli. Chanjo ya Newcastle ipo, nayo hukinga kuku na ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Mwulize mganga wa mifugo. Ndipo utakapokuwa na ndege wa pekee siku ya sikukuu, nawe utajua alikula nini na alikufaje.