Kumi Katika Kila Mia

Wajukuu zangu, mmewasikia mama zenu wakirudi kutoka kikaoni jioni wakizungumzia "fedha za halmashauri". Wako wanaodhani ni fedha za bure zinazoshushwa kutoka Dodoma. Hebu tuzifuate tangu zinakotoka.

Mama anayepanga nyanya sokoni hapa Songea hulipa ushuru. Mwenye duka hulipia leseni. Mahindi yakisafirishwa kwa lori, nayo yana ushuru wake. Manispaa hukusanya, na katika kila shilingi mia ya mapato yake ya ndani, ukitoa yale yenye kazi maalumu, kumi hutengwa: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Zamani hilo lilikuwa agizo tu. Halmashauri hii ikatoa, ile ikasahau. Mwaka 2018 likaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, na likawa lazima.

Fedha hizo ni mkopo usio na riba. Kikundi kikichukua milioni tano, kinarudisha milioni tano ileile, ili kikundi kingine nacho kipate. Ruzuku ni jambo jingine: hairudishwi, lakini hutolewa kwa masharti. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanza mwaka 2000, umejenga madarasa na zahanati kwa njia hiyo. Wananchi huibua mradi wao wenyewe, kisha huchangia mchanga, mawe na nguvu zao. Iwe mkopo au ruzuku, anayeomba atatakiwa kuandika andiko la mradi, na atakayepokea atatakiwa kutoa hesabu.

Sasa tuseme kina mama watano wa Lizaboni wanataka kufuga kuku. Wanakutana, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanaandika katiba, wanasajili kikundi, wanafungua akaunti benki. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anawaelekeza, na maombi yao yanapanda hadi halmashauri. Hayo ni ya utaratibu, yanaweza kumalizwa kwa uvumilivu. Kazi kubwa ni andiko.

Katibu anaandika: banda, vifaranga, chakula, vyombo vya maji, chanjo ya kideri. Anajumlisha, anapiga mstari. Kisha bibi mmoja kati yao anauliza, "Na mkaa uko wapi?" Mnaijua Juni ya Songea, baridi inayoshuka kutoka milima ya Matogoro. Kifaranga wa wiki moja hawezi kuikabili bila joto. Usiku kucha lazima jiko liwake bandani, na mkaa hununuliwa. Wasipouandika, fedha ya mkaa itachomolewa kwenye chakula, fedha ya chakula kwenye chanjo, na kuku watakufa kabla ya kutaga yai la kwanza, huku deni likiwa palepale. Kwangu mimi, swali la bibi yule linashinda kurasa kumi za maneno mazuri yaliyonakiliwa kwenye andiko la kikundi kingine.

Fedha ikishaingia, mlinzi wake ni daftari. Tarehe, kilichonunuliwa, kiasi, salio, na stakabadhi imebanwa pembeni. Mweka hazina husoma mbele ya wote kila kikao, hata kama wote ni ndugu. Hasa kama wote ni ndugu, maana anayesoma hesabu kwa sauti hatashukiwa.

Penye uzembe wa daftari tumeona kilichotokea. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikuta mikopo isiyorejeshwa, na vikundi hewa, yaani vikundi vya karatasi visivyo na watu. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Fikirieni kikundi kilichokuwa na andiko safi na banda limekwishajengwa: nacho kilingoja pamoja na wadanganyifu. Hilo liliniuma. Mwaka 2024 mikopo ikarudi na kanuni mpya, na Manispaa ya Songea ikawekwa kati ya halmashauri kumi za kujaribu kuitoa kupitia benki.

Mkoa wetu wa Ruvuma una historia ndefu katika jambo hili la vikundi kusimamia fedha zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa. Mwanzo wao ulikuwa mgumu, chakula kiliwaishia wakaondoka, lakini walirudi wakaendelea. Vijiji vingine vikajiunga, vikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, mpaka vikafika kama kumi na saba, na hapa mjini wakawa na mashine yao ya kusaga nafaka. Misaada ya nje ilikuja, ila matumizi yaliamuliwa na wanakijiji mkutanoni. Mwalimu Nyerere alivutiwa mno nao. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Naamini lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu palivunjwa mahali ambapo watu wa kawaida walikuwa wamejifunza kuamua juu ya fedha zao.

Ninyi mko shule, hesabu mnazijua. Mama akirudi na daftari la kikundi, kaa naye, mjumlishe pamoja, muulize kama mkaa umeandikwa. Na siku utakapotimiza miaka 18, watafute wenzako mnaoaminiana, mwende ofisi ya kata mkamwone Afisa Maendeleo ya Jamii. Kuuliza hakulipiwi, na ile nne ya vijana imetengwa kwa ajili yenu.