Kumtii Mungu na Kumtumaini: Jembe la Apolo



Katika kikundi chetu cha Biblia kulitokea ulizo moja ambalo hatukuweza kulimaliza siku ile, ndiyo sababu tunaliandika hapa. Mwenzetu mmoja wa darasa la sita alisimama akasema: «Siku ya Egzameni ya Serikali nilikataa kukopia, kwa sababu najua Mungu hapendi wizi. Wale waliokopia pembeni yangu wamepita. Mimi nimeanguka, na sasa narudia mwaka. Basi kumtii Mungu kumenifaa nini?»

Wengine wakamjibu mbio mbio: «Vumilia, mwaka huu Mungu atakulipa.» Mwingine akasema pengine imani yake ilikuwa ndogo. Sisi majibu yale mawili hayakutupendeza. La kwanza linamfanya Mungu kuwa mchuuzi wa sokoni: nikupe utii, unipe diploma. La pili ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka chini.

Kutumaini maana yake nini? Sisi wa Kindu tunavuka Lualaba kwa mtumbwi, tunajua vizuri. Mtu anayesimama ukingoni na kusifu, «Mpiga kasia huyu ni hodari kabisa», hajamtumaini bado. Anamtumaini siku anapoingia mtumbwini na kuketi. Basi kule kuingia ndiko utii. Tena aliyeingia hakupewa ahadi kwamba hakutakuwa na mawimbi wala mvua. Katika Waebrania 11 tunasoma juu ya Abrahamu, kwamba alitoka bila kujua aendako. Na wale vijana watatu wa Danieli sura ya 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa hawatainamia sanamu. Tuangalie vizuri: walisema vile mbele ya kutupwa katika tanuru. Hawakujua mambo yatakwisha namna gani.

Lakini wanafunzi wengi wanasema, «Ah, hayo ni ya Biblia, ya zamani sana.» Basi tuchukue mtu wa karibu, aliyefanya kazi katika inchi yetu hii ya Kongo. Ni Apolo Kivebulaya. Ndugu zetu Waanglikana wanamjua, kwa sababu kanisa lao la Kongo lilianza kwa kazi yake kule Mboga, katika Ituri, karibu na mpaka wa Uganda. Mpaka huku Kindu, ambako dayosisi yao ilianzishwa mwaka 1997, ni safari ndefu sana.

Apolo alikuwa Muganda, aliyezaliwa karibu na mwaka 1864. Mbele ya kuwa mwalimu alikuwa askari. Alibatizwa mwaka 1895, na mwishoni mwa mwaka 1896 alitumwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki. Mbele yake walikuwa wametumwa walimu wawili, Waganda pia. Chifu wa Mboga, jina lake Tabaro, hakutaka mafundisho yao, na watu hawakuwapa chakula. Walimu wale walikuwa na desturi yao: kulima ni kazi ya wanawake, si ya mwalimu. Basi njaa ikawashinda, wakarudi.

Apolo alijua habari hiyo. Alifanya nini? Njiani alinunua jembe. Tunapenda sana kitu hiki kidogo! Mtu anakwenda kwa kumtumaini Mungu, na begani ana jembe. Hakusema, «Mungu atanilisha,» kisha akae chini ya mti kungoja. Wala hakusema, «Kwa kuwa watu wa kule ni wagumu, Mungu hakuniita.» Alifika, akafundisha, akalima. Na sisi hapa, siku ya kazi ya shamba, tunajua nani anaumwa kichwa gafla mara tu majembe yanapogawanywa. (Tunasema hivi bila kutaja mtu, na sisi waandishi tumo.)

Lakini mtu asifikiri kwamba jembe lilimaliza taabu. Watu wakaanza kubatizwa, na chifu akazidi kukasirika. Apolo akapigwa sana, nyumba ya ibada ikachomwa. Kisha kukatokea msiba: dada wa chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa, nao wakamshitaki Apolo. Akafungwa, akapelekwa mpaka Toro, kwa wakubwa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Hapo mwenzetu wa darasa la sita angeweza kuuliza ulizo lake lile lile: utii umemfaa nini?

Apolo mwenyewe alisimulia kwamba katika siku zile za mateso Yesu alimtokea usiku, aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo, kwa kuwa yuko pamoja naye. Tusome tena polepole. Hakuambiwa, «Kesho utatoka.» Hakuambiwa kwamba Tabaro atakufa, au kwamba hatapigwa tena. Aliambiwa tu kwamba hayuko peke yake. Sisi tunaona hiyo ndiyo ahadi yenyewe, na mara nyingi hatuitaki, tunataka ile nyingine.

Baadaye ilionekana hana kosa, akafunguliwa. Angeweza kurudi kwao Buganda, na hakuna mtu angemlaumu. Alirudi Mboga, kwa chifu yule yule. Na Tabaro mwisho akaamini, akabatizwa, akaitwa Paulo. Lakini Apolo hakujua hilo siku aliporudi.

Hapa mwalimu mmoja alituonya, na tunaona ana haki. Kuna watu wanaotumia neno «tumaini» vibaya. Mgonjwa anaambiwa aache dawa, eti akimeza vidonge hamtumaini Mungu. Huo si utii, ni kumjaribu Mungu, jambo ambalo Yesu mwenyewe alikataa juu ya mnara wa hekalu (Matayo 4). Wale wanaotangaza kwamba wameombea egzameni na hawajafungua kitabu, nao ni wa kundi hilo. Tena kuna watu wanaosema «mtii Mungu» na maana yao ni «nitii mimi». Chifu alipokataza Injili, Apolo hakutii, sawasawa na mitume katika Matendo 5. Lakini mtu asichukue mfano huo kwenda kumkatalia Bwana Prefe kufagia kiwanja! Prefe hajakataza Injili, amekataza uchafu.

Mwaka 1921, Apolo karibu mzee, alianza tena kazi mpya: kuingia katika pori la Ituri kuwahubiri Wambuti. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magaribi, upande wa pori, kwa sababu kule kazi ilikuwa haijakwisha.

Sasa tumjibu mwenzetu. Hatuwezi kumwambia kwamba mwaka huu atapita. Hatujui. Twaweza kumwambia kwamba karatasi aliyotoa ilikuwa yake kweli, kwamba Mungu aliona, na kwamba kurudi katika darasa lile lile, kwenye benchi lile lile, mbele ya wadogo wanaomcheka, ni jambo ambalo Apolo angelifahamu. Naye ana jembe lake: hesabu ndizo zilimwangusha, na wawili wetu tumepatana naye kuzifanya kila jioni baada ya masomo. Mwenye kutaka kujiunga aje na daftari. Na mwenye ulizo lingine juu ya habari hii alilete kwenye kikundi.